Muda wa Kutengeneza Mashine Upimwe Kabla Haijaharibika

Hotuba mbele ya mafundi, wahandisi na wanafunzi wa ufundi, Arusha

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu, wahandisi, mafundi wa gereji na wa viwandani, na ninyi vijana mnaosomea ufundi, habari za asubuhi.

Kuna swali ambalo kila fundi hapa Arusha huulizwa kabla hata hajafungua boneti: "Litakuwa tayari saa ngapi?" Mwenye gari la watalii huliuliza jioni ya mwezi wa saba, na wageni wake wanatakiwa kuianza safari ya Ngorongoro alfajiri. Meneja wa kiwanda cha sukari huliuliza wakati miwa imeshakatwa na sukari inapotea kila saa inayopita. Muuguzi huliuliza akiwa amesimama kando ya mashine ya oksijeni. Fundi naye hukuna kichwa, hupiga hesabu ya moyoni, hujibu: "Kesho asubuhi, bosi." Mara nyingine inakuwa kesho asubuhi kweli. Mara nyingine inakuwa Jumamosi.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba jibu la swali hilo linaweza kukokotolewa. Linaweza kukokotolewa kabla mashine haijaharibika, hata kabla haijanunuliwa. Na sehemu kubwa ya hesabu yenyewe imo ndani ya mwili wa fundi: mkono wake unafika wapi, jicho lake linaona nini, mgongo wake umekaaje. Anayechora mashine bila kuujua mwili huo anampangia fundi saa za kazi bila kumwuliza.

Tuanze na bolti moja. Bolti ya M12, ile ya spana namba 19, nyote mmeishika. Uzi wake wa kawaida ni wa milimita 1.75, yaani kila ikizunguka mara moja inatoka milimita 1.75. Ikiwa imezama milimita 21 ndani ya chuma, itahitaji mizunguko 12 kutoka. Hapo hatubishani. Sasa tuulize spana ina nafasi kiasi gani ya kucheza. Ukipata nyuzi 120 kati ya zile 360 za mzunguko mzima, utavuta mara 3 kumaliza mzunguko mmoja, na mara 36 kuitoa bolti nzima. Lakini tuseme mchoraji kapitisha bomba la maji kando ya kichwa cha bolti, ukabakiwa na nyuzi 30, ambazo ndizo za chini kabisa kwa spana ya ringi yenye pembe 12. Utavuta mara 12 kwa mzunguko mmoja, na mara 144 kwa bolti moja. Kila mvuto, pamoja na kuitoa spana na kuirudisha, tuupe sekunde 2. Bolti ya kwanza itatoka kwa sekunde 72. Ya pili itakula sekunde 288, karibu dakika 5. Kifuniko kikiwa na bolti 8, huku ni dakika zisizofika 10, kule ni dakika 38 na ushee. Na hapo tumefungua tu, hatujafunga.

Najua mtaniambia kwamba bolti ikishalegea mtu humalizia kwa vidole. Ni kweli, kama vidole vinapenya na kama uzi haujashikwa na kutu. Penye nafasi ya nyuzi 30 vidole huwa vinapenya kwa nadra. Tena kuna jambo ambalo karatasi ya hesabu hailioni. Fundi amelala ubavu juu ya boksi lililotandazwa, mkono umeingia hadi begani, shavu limegusa chasisi, na bolti anaipapasa kwa ncha za vidole kwa sababu jicho halifiki. Nati inamponyoka. Anaisikia ikigonga kitu mara mbili, halafu kimya. Sasa muda wa kutafuta nati uandikwe wapi? Bosi atauandika kwenye jina la fundi, kwamba ni mzembe. Mimi nauandika kwenye jina la aliyechora.

Wako waliotutangulia katika hesabu hizi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Frederick Taylor aliingia viwandani na saa ya kupimia, akisimama nyuma ya mfanyakazi. Wengi mnajua uchungu uliobaki baada ya kazi yake, wafanyakazi kuharakishwa kwa saa. Mwenzake Frank Gilbreth, aliyekuwa mwashi kabla ya kuwa mhandisi, aliliangalia jambo hilohilo kwa jicho jingine. Aliona mwashi akiinama mpaka chini kwa kila tofali, akiinua mwili mzima kwa ajili ya kitu cha kilo chache. Akabuni jukwaa linalopanda pamoja na ukuta, matofali yakawa usawa wa mkono. Miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikashuka hadi kama 5. Hakuna aliyemwambia mwashi aharakishe. Yeye na mkewe Lillian, ambaye alikuwa mwanasaikolojia, waliendelea kupiga filamu za watu wakiwa kazini ili waione miondoko yenyewe. Nikilazimika kuchagua kati ya Taylor na akina Gilbreth, simchagui Taylor.

Miaka ya 1940, pale Pittsburgh, kwenye viwanda vya Westinghouse, Harold Maynard na wenzake wakapiga filamu ya picha 16 kwa sekunde na kuhesabu kila mwondoko unakula picha ngapi. Majedwali yao yalichapishwa mwaka 1948, na mfumo wao unajulikana hadi leo kama MTM. Kizio chao kinaitwa TMU: saa moja ina TMU 100,000, kwa hiyo TMU moja ni sekunde 0.036. Kuinama ni TMU 29, kuinuka kutoka hapo ni 31.9. Kupiga magoti yote mawili ni 69.4, na kusimama tena ni 76.7. Ukijumlisha hayo mawili ya mwisho unapata 146.1, yaani sekunde 5 na robo. Ni kidogo? Fundi aliyelazimika kuacha vifaa vyake mbali kwa kukosa mahali pa kuviweka, akapiga magoti na kuinuka mara 20 kuvifuata, ametumia sekunde 105 kwa magoti peke yake. Na magoti hayo yana umri.

Lakini hapo lazima tuwe waangalifu. Majedwali yale yalitokana na watu wanaofanya kazi ileile mara nyingi, wamesimama vizuri, mwanga upo, kila kitu kiko mbele yao. Kazi ya matengenezo haiko hivyo hata kidogo. Ukichukua muda wa mezani ukaupeleka chini ya gari au nyuma ya pampu, utapata namba nzuri isiyo ya kweli. Ndiyo maana namba ya msingi huzidishwa kwa vigawo, yaani namba za kuirekebisha kulingana na hali ya kazi: mkao, kuonekana kwa kazi, nafasi ya mkono, uzito wa kinachobebwa. Na vigawo hivyo ndiko ergonomia inakoingia, elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya.

Elimu hiyo ina vipimo vyake. Miaka ya 1970 kampuni ya chuma ya Ovako huko Finland ilisaidia kuandaa mfumo wa OWAS, unaoipa mikao ya mgongo, mikono na miguu alama kulingana na madhara yake. Mwaka 1993 Lynn McAtamney na Nigel Corlett wakatoa RULA, inayopima shingo, mabega na viganja na kutoa alama kuanzia 1 hadi 7. Ukipata 7, maana yake mkao huo ubadilishwe mara moja. Kwa kunyanyua mizigo kuna mlinganyo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Unaanza na kilo 23, na hizo ni pale hali zote ni nzuri na mzigo umekaa karibu kabisa na mwili. Ukiusogeza mzigo hadi sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, kiwango kinakatika nusu, kilo 11.5. Sasa fikiria mota ya kilo 20 iliyofungwa nyuma ya fremu, mahali ambapo fundi hawezi kuisogelea. Mtu mmoja hapaswi kuitoa. Ama aitwe wa pili, ama ifungwe winchi ya mnyororo. Kumtafuta wa pili ni muda, kufunga winchi ni muda, na kama juu hakuna pa kuning'iniza winchi, hiyo ni siku nyingine. Yote hayo yangeonekana kwenye mchoro.

Tunaona vipi kwenye mchoro? Hapa ndipo uigaji wa kompyuta unapotusaidia. Mashine huchorwa kwa vipimo vitatu, kisha ndani ya mchoro anawekwa mtu wa kidijitali mwenye viungo vinavyokunjika kama vyetu. Maarufu kati yao anaitwa Jack. Alizaliwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye maabara ya Norman Badler, na leo yuko mikononi mwa Siemens. Unamwambia Jack akafungue bolti ya tatu ya kifuniko. Programu inaangalia kama kiganja kinapita, kama kiwiko kinagonga fremu, kama jicho linaiona bolti au limezibwa na bomba, na spana inacheza nyuzi ngapi kabla ya kugonga. Kila mkao unapewa alama, kila mwondoko unapewa muda, muda unazidishwa kwa kigawo cha mkao, na mwisho unapata jumla. Ukilisogeza bomba sentimita 6 na kurudia, unaona dakika zilizopungua. Kulisogeza bomba kwenye kompyuta ni bure. Kulisogeza likiwa limeshachomelewa, ulizeni wachomeleaji.

Kuna jambo moja ambalo naomba vijana mnisikilize sana. Watu wa kidijitali wa Jack wametokana na vipimo vya askari wa Marekani, waliopimwa mwaka 1988: wanaume 1,774 na wanawake 2,208. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Lakini fundi cherehani wa Soko la Kilombero hawezi kukushonea suti kwa vipimo vya mtu mwingine. Binti aliyemaliza VETA Moshi, kijana wa Unga Limited anayefunga shokapu tangu ana miaka kumi na tano, mzee wa karakana ambaye bega lake halipandi tena juu ya kichwa, hao ndio watakaoifungua mashine. Urefu wa mkono, upana wa kiganja, urefu wa goti mtu akiwa amechuchumaa, ni vipimo vinavyochukuliwa kwa futi ya fundi na daftari. Tuvichukue sisi. Tusipovichukua, kompyuta itatuambia mkono unafika, na fundi atatuambia haufiki, na fundi ndiye atakayekuwa sahihi.

Sasa niseme uigaji huu usichoweza, maana ukiuuza kwa maneno matamu utawaudhi watu wa viwandani. Mwaka 1966 jeshi la Marekani lilitoa mwongozo wa kutabiri muda wa matengenezo, MIL-HDBK-472, na tangu wakati huo wahandisi huuvunja muda vipandevipande: kujiandaa, kutafuta kosa liko wapi, kufungua, kubadilisha, kufunga, kurekebisha, kujaribu. Mtu wa kidijitali anajua kufungua, kubadilisha na kufunga. Kutafuta kosa hajui. Gari linalokataa kuwaka likiwa la moto tu, au mota inayokata umeme kila baada ya nusu saa, inaweza kumaliza siku nzima ya fundi kwa kutafuta, halafu kubadilisha kukachukua dakika 10. Na kuna kusubiri. Beringi isiyopatikana Arusha itakuja na basi kutoka Dar es Salaam, au itakuja na meli. Muda huo ni wa bohari na wa manunuzi, hauna uhusiano na mkono wala mgongo. Uandikwe peke yake. Ukiuchanganya na muda wa mikono, utakuwa unamlaumu fundi kwa kosa la bohari, na jambo hili nimelishuhudia zaidi ya mahali pamoja.

Wastani nao una mtego wake. Muda wa matengenezo hauko sawa pande zote mbili. Kazi nyingi humalizika karibu na muda wa kawaida, halafu chache zinavutika mno: bolti imekatikia ndani, uzi umeliwa, gasketi imeganda. Wanahisabati wameupa mtawanyiko huo jina, logi-nomali, na ndio wanaoutumia mara nyingi kwa kazi za kutengeneza. Kwa hiyo mtu akikuuliza gari litakuwa tayari saa ngapi, usimpe wastani. Mpe muda ambao kazi 9 kati ya 10 za namna hiyo huwa zimekwisha. Mwenye wageni wa alfajiri anauhitaji huo. Wastani utamwacha barabarani.

Kuna faida gani mfukoni? Tuchukue mashine ambayo inaharibika kila baada ya saa 200 za kazi. Ikitengenezwa kwa saa 10, inakuwa tayari kwa asilimia 95.2 ya muda wote. Ikitengenezwa kwa saa 4, inapanda hadi asilimia 98. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye msimu wa saa 5,000: saa 238 imesimama, dhidi ya saa 98. Hiyo ni mashine ileile yenye kuharibika kulekule. Watu wetu wanatumia fedha nyingi kutafuta mashine isiyoharibika, na hakuna mashine ya namna hiyo. Inayofunguka kirahisi ipo.

Nikiyasema haya huwa naulizwa programu zenyewe tutazipata wapi, bei zake hazishikiki. Kwa viwanda vikubwa, sawa, wanunue. Kwa sisi wengine, FreeCAD ni ya bure na inachora mashine. Blender ni ya bure, na MakeHuman ni ya bure na inatengeneza mtu wa urefu na unene unaoutaka. Hazitakupa alama ya RULA zenyewe, itabidi uikokotoe kwa karatasi, na karatasi ya RULA ni ukurasa mmoja. Saa ya kupimia mnayo mifukoni. Simu ya kawaida inapiga video ya picha 30 kwa sekunde, kila picha ni sekunde 0.033. Linganisheni na TMU moja, sekunde 0.036. Simu mliyokuja nayo ina usahihi zaidi ya filamu aliyotumia Maynard. Pigeni video ya kazi moja, bolti moja, kifuniko kimoja, kisha hesabuni picha. Ukipata muda wa kweli wa bolti 8 nyuma ya bomba, linganisha na ulichokokotoa, na kigawo chako cha mkao utakuwa umekipata mwenyewe, hapa Arusha, kwa fundi wa hapa.

Pa kuanzia ni pale ambapo mchoro uko mikononi mwetu. Mjini hapa tuna TEMDO, iliyoundwa mwaka 1980 kwa kazi ya kusanifu mitambo, na CAMARTEC ya zana za kilimo iliyoifuata mwaka 1981. Tuna Chuo cha Ufundi Arusha, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Kwa mashine inayochorwa hapahapa, anayechora na atakayeifungua wanaweza kukaa meza moja asubuhi moja, na bomba likahama kabla ya chuma kukatwa. Nawaomba walimu muwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya namna hii, na alama zitolewe na fundi pia.

Kwa mashine za kuagiza, nguvu yetu iko kwenye zabuni. Leo tunaandika uwezo wa mota, volti, tani kwa saa, na warantii. Tuandike na hili: muuzaji aonyeshe muda wa kubadilisha vipuri vitano vinavyochoka haraka zaidi, aonyeshe ameupataje, na aonyeshe ni mtu wa vipimo gani aliyemtumia. Ikiwa ameufanya uigaji, atatuma video yake. Ikiwa hajaufanya, mtajua mapema, wakati fedha bado ziko benki.

Neno langu la mwisho ni kwa mameneja. Namba hizi zina hatari. Mkishajua kwamba kazi inachukua dakika 38, kuna atakayeshawishika kumkata fundi mshahara akichukua dakika 50. Mkifanya hivyo, kesho mtapata video za uongo na vipimo vya uongo, na fundi ataruka hatua ya kukaza bolti kwa kipimo ili awahi saa yenu. Namba ya uigaji inaipima mashine. Fundi akizidisha muda, nendeni mkaangalie bomba liko wapi, taa iko wapi, vifaa viko wapi. Na video ya fundi ipigwe kwa ridhaa yake, aione kabla ya mtu mwingine, na akisema ifutwe, ifutwe.

Baada ya chai tutahamia karakana. Kuna pampu moja mezani na kifuniko cha bolti 8, na kuna kipande cha bomba tulichokifunga kando yake makusudi. Nahitaji mafundi sita wenye urefu tofauti, na angalau wawili kati yao wawe wanawake. Wanafunzi mje na futi, daftari na simu zilizochajiwa. Tutawapima kwanza viganja na mikono, halafu tutakokotoa, halafu ndipo spana itashikwa. Asanteni sana.